Lupasi Kabla Haijafika Kwenye Figo

Lupasi ni ugonjwa unaotokea pale kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe. Kingamwili, ambazo kazi yake ni kupambana na virusi na bakteria, huanza kushambulia viini vya seli za mgonjwa. Viini hivyo vimo karibu kila mahali mwilini, ndiyo maana ugonjwa huu mmoja huweza kugusa ngozi, viungo, figo, moyo, mapafu, damu na hata ubongo. Hauambukizi, na si saratani. Mtu huzaliwa na uwezekano wa kuupata, kisha jua kali, maambukizi, homoni au dawa fulani huuamsha. Isoniazidi, inayotumika sana Afrika Mashariki kutibu na kuzuia kifua kikuu, ni mojawapo ya dawa zinazoweza kuleta lupasi ya muda. Hiyo kwa kawaida hutulia daktari akishaisimamisha dawa.

Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, wengi wakiwa na umri wa miaka 15 hadi 45. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba lupasi ni nadra sana kwa Waafrika. Lakini nchini Marekani wanawake weusi huugua mara 2 hadi 3 zaidi ya weupe, na figo zao huathirika zaidi. Huku kwetu, kilichokuwa nadra zaidi huenda ni vipimo.

Ugumu wa kuitambua lupasi ni kwamba dalili zake, zikitazamwa moja moja, ni za kawaida mno. Mgonjwa ana homa, mwili unauma, amechoka hata baada ya kulala usiku kucha. Anapimwa malaria, haipo. Anapewa dawa ya taifodi, anapata nafuu kidogo, na baada ya wiki chache homa imerudi. Kinachopaswa kumshtua mgonjwa na tabibu ni dalili hizo kujirudia na kuandamana na nyingine. Vidole na vifundo vya mikono yote miwili huuma na kukakamaa asubuhi. Nywele hunyonyoka. Vidonda hutokea kwenye kaakaa, na kwa kuwa mara nyingi haviumi, mgonjwa huenda asijue kuwa anavyo. Wengine huchomwa kifuani wanapovuta pumzi ndefu, na wengine vidole hubadilika rangi kwenye baridi.

Dalili inayojulikana zaidi ni upele wa usoni, unaotanda mashavu yote mawili na kukutana juu ya pua kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Ukiangaliwa kwa karibu, huwa unairuka mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Vitabu vingi huuelezea kuwa mwekundu, na hapo ndipo wengi hupotezwa: kwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana wa zambarau, kahawia au mweusi zaidi ya ngozi yenyewe, ukadhaniwa ni madhara ya vipodozi. Zaidi ya hayo, wagonjwa wengi hawaupati kabisa. Kumsubiri kipepeo ni kuupa ugonjwa muda.

Muda huo huzigharimu figo. Lupasi hushambulia figo za wagonjwa wanaokaribia nusu, na mwanzoni haziumi hata kidogo. Ishara huja baadaye: mkojo wenye povu lisiloisha haraka, kope kuvimba asubuhi, miguu kujaa, shinikizo la damu kupanda kwa msichana asiyetarajiwa kuwa nalo. Kijiti cha kupimia mkojo, kilichopo hata kwenye vituo vingi vidogo vya afya, hugundua mapema zaidi: kipande chake cha protini hugeuka kutoka njano kwenda kijani. Ni kipimo cha bei nafuu, na kwa mwenye lupasi kinafaa kurudiwa kila anapohudhuria kliniki.

Kwenye damu, kipimo cha kwanza ni ANA, kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia viini vya seli. Karibu wagonjwa wote huwa nacho chanya, lakini hata watu wazima kiafya huweza kuwa nacho, kwa hiyo peke yake hakitoshi. Daktari hukiunganisha na dalili, hesabu ya chembe za damu na kingamwili mahususi zaidi. Lupasi huweza pia kukifanya kipimo cha kaswende cha VDRL kisome chanya kwa mtu asiye na kaswende, matokeo yanayoweza kuzua ugomvi nyumbani bila sababu.

Lupasi haijapata dawa ya kuiondoa kabisa, ila hutulizwa. Msingi wa tiba ni hidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ile iliyotibu malaria. Anayeitumia kwa miaka huhitaji kupimwa macho. Prednisoloni huzima mashambulizi makali, lakini kuiacha ghafla ni hatari. Wenye figo zilizoathirika huongezewa dawa za kupunguza nguvu ya kinga. Kujikinga na jua ni sehemu ya tiba, hata kwa mwenye ngozi nyeusi: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia miale.

Wanawake wengi wenye lupasi huzaa salama. Hushauriwa kushika mimba ugonjwa ukiwa umetulia kwa miezi 6 au zaidi, na kumwona daktari kabla, kwani baadhi ya dawa humdhuru mtoto, ilhali hidroksiklorokwini kwa kawaida huendelea kutumiwa. Aliyeharibikiwa na mimba mara kwa mara hupimwa pia kingamwili zinazogandisha damu.