Mabaka Meusi ya Uso: Dawa Gani Inafaa, Dawa Gani Inadhuru?

Wamama wengi hupata mabaka meusi kwenye mashavu, paji la uso na juu ya mdomo. Mara nyingi huanza wakati wa mimba. Hayaumi, hayawashi, hayaambukizi. Si ulozi, wala si damu chafu. Ni rangi ya ngozi iliyozidi mahali pamoja, na jua huiongeza. Baada ya kuzaa, mara nyingi hupungua yenyewe.

Lakini mama huona haya, naye hununua sokoni pomadi ya kwanza anayoonyeshwa. Basi, tuzipime dawa hizi moja moja.

1. Zebaki. Usiipake kamwe. Hupenya ngozi, huharibu figo na neva, humfikia hata mtoto tumboni. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yameikataza katika vipodozi. Ukisoma neno «mercure» kwenye chupa, au chupa haina maandiko, usinunue.

2. Clobétasol na bétaméthasone. Ni dawa za magonjwa mengine ya ngozi. Zikipakwa usoni kila siku, hung'arisha upesi. Halafu ngozi huwa nyembamba na kutoka chunusi. Kama umezizoea, usiziache ghafula; njoo kwanza kwa daktari.

3. Hydroquinone. Husaidia kweli, sehemu 4 katika 100, kwa miezi michache, daktari akiangalia. Ukiipaka miaka mingi, huleta weusi mpya ambao ni vigumu sana kuondoka. Mwenye mimba asiipake.

4. Trétinoïne. Hufanya kazi polepole, nayo huchubua. Mwenye mimba asiipake.

5. Asidi azelaiki, sehemu 20 katika 100. Yahitaji miezi kadhaa, lakini hata mwenye mimba aweza kuipaka, akiisha kumwuliza daktari.

Umeona? Ile inayong'arisha upesi ndiyo inayodhuru zaidi. Tena hakuna dawa inayoshinda jua. Mama akipaka usiku na kulima mchana bila kofia, mabaka yatarudi. Vaa kofia pana, chukua mwavuli, na ukiweza paka mafuta ya kukinga jua yenye kipimo cha 30 au zaidi.

Jambo la mwisho: baka lisilosikia ukiligusa, hata likiwa jeupe au jekundu, laweza kuwa ukoma. Usilipake kitu. Njoo hospitali upesi, maana ukoma una dawa, nao unapona. Na chupa yako ya pomadi, uilete pia, tuisome pamoja.