AFYA YA WATOTO WA SHULE NI KAZI YA WOTE

Mtoto asinziaye darasani asubuhi huitwa mvivu, na pengine huadhibiwa mbele ya wenziwe. Lakini mara nyingi kosa si lake. Huenda tumboni mwake mna minyoo wa safura wanaomnyonya damu, au ana kichocho alichokipata katika maji ya ziwa, naye amekuja shuleni bila kula kitu. Mtoto wa namna hiyo, hata akifundishwa na mwalimu hodari, masomo hayamkai kichwani.

MAMBO YALIYOONEKANA BUSIA

Jambo hili lilidhihirika katika Wilaya ya Busia, katika tarafa za Funyula na Budalangi zilizo karibu na Ziwa Victoria. Mwaka 1998 ilianzishwa huko kazi ya kuwapa dawa za minyoo watoto wa shule za msingi 75, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Watoto walipopimwa, zaidi ya 9 katika kila 10 walikutwa na minyoo wa namna moja au nyingine. Shule hizo hazikuanza zote pamoja, bali kwa mafungu ya shule 25, na kwa hiyo wataalamu waliweza kuzilinganisha zilizotangulia na zilizongoja. Katika shule zilizopata dawa, siku za watoto kukosa masomo zilipungua kwa kadiri ya robo. Hata watoto wasiomeza dawa walipata nafuu, maana mayai ya minyoo yaliyoenea ardhini na majini yalipungua.

Lakini lilikuwako na fundisho la pili. Walimu waliwaeleza watoto wanawe mikono, wavae viatu, wala wasioge katika maji yenye kichocho. Baadaye ilipochunguzwa, mwenendo wa watoto haukuonekana kubadilika. Wala si ajabu. Asiye na viatu atavaa nini? Na penye shule isiyo na maji, mikono itanawishwa kwa nini? Dawa nayo huua minyoo waliomo tumboni, lakini haizuii wengine kuingia kesho. Ndiyo sababu hutolewa tena na tena.

KILA MTU NA SEHEMU YAKE

Kwa hiyo dawa peke yake haitoshi, na maneno peke yake hayatoshi. Shule nzima yapaswa kuwa mahali pa afya. Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza shule za namna hiyo katika mwaka 1995, na Serikali ya Kenya ilitoa mwongozo wake wa afya ya shule mwaka 2009. Mwaka huo huo kazi ya kutoa dawa ilipelekwa nje ya Busia, na watoto zaidi ya milioni 3 wakatibiwa.

Mwalimu Mkuu aangalie kwamba vyoo ni safi, na vya wasichana vimetengwa na vya wavulana. Kamati ya wazazi ichimbe vyoo hivyo, ikinge maji ya mvua yatokayo mabatini, na kutoa mahindi ya uji wa saa nne. Penye choo pasikose debe lililotobolewa, pamoja na sabuni. Watoto wakubwa wawaongoze wadogo kunawa. Naye mwalimu wa darasa, amwonapo mtoto amenyamaza au anasinzia, amwulize kwa upole yaliyompata kabla ya kushika fimbo. Kwani mtoto mwenye hofu hasemi ugonjwa wake, wala njaa yake, wala taabu ya nyumbani kwao.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi kuliko yanavyohitaji umoja. Mzazi alipaye gharama za shule, kisha akaacha choo cha shule kibomoke, ni kama mkulima anunuaye mbegu bora na kuzitupa penye magugu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.