Usaili Huanza Kwenye Tangazo

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuchambua maombi ya kazi. Watu hudhani mchambuzi huanza kwa kumtafuta aliye bora. Sivyo. Nafasi zikiwa mbili na maombi mia nne, huanza kwa kutafuta wa kuondoa. Na wanaoondoka mwanzo kabisa si wasio na ujuzi, ni wale ambao hawakusoma tangazo hadi chini.

Chukua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nchini Tanzania. Sehemu ya majukumu na mshahara kila mtu huisoma. Yale masharti ya jumla ya mwishoni hurukwa, kwa kuwa hufanana karibu kila mara. Kumbe ndipo panapoandikwa kwamba umri usizidi miaka 45, kwamba barua iwe imesainiwa, kwamba wadhamini wawe watatu, na kwamba aliyesoma nje ya nchi athibitishiwe vyeti vyake na mamlaka za hapa. Ndipo pia panaposemwa kwamba karatasi ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haipokelewi. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe.

Hapo kwenye cheti wengi wamekwama. Cheti cha kidato cha nne hupelekwa shuleni ulikosoma, kikakaa huko kikikungoja. Mtu anaona matokeo kwenye simu, anapewa ile karatasi, anasahau. Miaka sita baadaye tangazo linatoka, siku za kuomba ni kumi na nne, shule iko Kasulu na yeye yuko Mbagala. Kijana uliye nyumbani leo bila kazi, unacho kitu kimoja ambacho mwenye kazi hana, nacho ni muda. Kakifuate sasa. Kama kilishapotea, anzia polisi upate taarifa ya upotevu, kisha uende Baraza la Mitihani (NECTA).

Jina nalo lina mambo yake. Cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi, cha shule kinasema Said, kitambulisho cha taifa kimeongeza jina la babu. Nyumbani wote ni mtu mmoja. Mbele ya msimamizi wa usaili ni watu watatu. Zitandaze karatasi zako mezani usiku wa leo, uzilinganishe herufi kwa herufi. Tofauti ikionekana, itafutie hati ya kisheria kabla hujaitwa popote.

Barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja. "Mimi ni mchapakazi na naweza kufanya kazi katika mazingira magumu" nimeisoma mara nyingi mpaka macho yakazoea kuiruka. Lakini aliyeandika kwamba aliuza katika duka la vipuri Kariakoo miaka miwili, na kila jioni alifunga hesabu mwenyewe, huyo nilimwita. Hakuwa na shahada.

Fundi uliyejifunzia gereji, usijihesabu kuwa huna elimu. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, hupima ujuzi uliopatikana kazini na kumpa cheti anayefaulu. Na wewe uliye chini ya miaka 18, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakuruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ilimradi isikudhuru wala kukuharibia masomo. Mgodini na kiwandani haikuruhusu. Anayekwambia sema una ishirini hakutakii mema.

Koneksheni ipo, sitakudanganya. Ila ile inayosaidia wengi si ya mjomba mkubwa ofisini, ni ya jirani anayejua duka fulani limeachwa na mhudumu. Ukimwambia "nitafutie kazi yoyote" hatakumbuka lolote. Mwambie unaendesha pikipiki na leseni unayo, au unashona sare za shule. Siku nafasi hiyo ikitajwa mbele yake, jina lako litamjia. Na yeyote akikudai pesa ya fomu au ya kupitisha jina, achana naye. Kuomba kazi serikalini ni bure.

La mwisho ni namba yako ya simu, ipatikane hata baada ya usaili. Wanaofaulu usaili wa Sekretarieti na nafasi zikajaa, majina yao huhifadhiwa kwenye kanzidata, na nafasi nyingine ya aina hiyo ikitokea huweza kupangiwa bila usaili mpya. Nimewahi kumpigia mtu aliyefaulu, akapokea mwingine kabisa aliyekuwa ameinunua laini hiyo wiki chache nyuma. Tulimsubiri siku mbili, tukamchukua aliyefuata. Ukibadilisha namba, ingia kwenye akaunti yako ya maombi ukairekebishe siku hiyohiyo, na wadhamini wako uwaarifu.