Msukule, Mashine na Nafsi ya Kwanza Umoja

Katika makala haya nakusudia kueleza jambo moja tu: tofauti kati ya akili na fahamu, na kwa nini tofauti hiyo inamhusu mhakiki wa fasihi kuliko anavyodhani mwenyewe. Wenzetu wa kompyuta wanalijadili suala hili kwa hesabu zao. Mimi nitapitia kwa msukule, maana nimekulia Kahama, na huko msukule hahitaji utangulizi.

Kwa wale wasiotoka Kanda ya Ziwa, msukule ni mtu anayedhaniwa amekufa akazikwa, kumbe (ndivyo isimuliwavyo) kilichoingia kaburini ni gogo la mgomba, naye mwenyewe kachukuliwa na mchawi. Usiku analimishwa, mchana anafichwa darini, chakula chake pumba. Ulimi umekatwa. Usukumani msukule wa masimulizi hulima mpunga na pamba. Ukivuka kuelekea Geita, kwenye rashi za dhahabu, anabadili kazi: nilipokuwa mdogo nilisikia watu wakinong'ona kuhusu mwenye duara fulani ambaye kila akishusha watu anatoa mawe mazuri, wakati jirani yake wa hatua kumi anatoa kifusi. "Yule ana watu wake wa usiku," walisema. Hakuna aliyewahi kuwaona, bila shaka. Lakini hebu tumtazame huyu mhusika alivyoumbwa. Ana mikono, ana nguvu, anafuata maagizo, hata kazi ngumu anaifanya bila kukosea. Kilichotolewa ndani yake ni kile kinachojua kwamba "hii kazi naifanya mimi".

Mwaka 1996 mwanafalsafa David Chalmers, mtu wa Australia, alichapisha kitabu ambamo anatutaka tufikirie kiumbe anayefanana na mtu kwa kila kitu. Anacheka, anasema "naumwa", ila ndani hamna yeyote anayeumwa. Kiumbe huyo anaitwa zombi. Niliposoma habari zake nilicheka peke yangu, maana kwa suala hili bibi zetu walikwisha kutangulia. Hata hivyo kuna tofauti kubwa. Zombi wa Chalmers anaongea vizuri tu, wakati msukule hana ulimi. Wasimulizi wetu hawakuweza kumfikiria mtu asiye na fahamu ambaye bado anazungumza. Kwao fahamu na ulimi viliondoka pamoja. Ukimwachia ulimi, atataja jina lake na la baba yake, na mchawi ataumbuka.

Sasa basi, hapo ndipo akili mnemba inapotuvurugia hesabu. (Wengine husema akili bandia, wengine akili unde. Mimi nafuata wengi wa hapa kwetu.) Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, tunacho kitu ambacho ni ulimi mtupu. Kwa lugha nyepesi, mashine hii imelishwa maandishi mengi mno ya wanadamu, ikajifunza neno gani huelekea kufuata neno gani, na kwa kukisia neno baada ya neno inajenga sentensi, kisha aya, kisha insha nzima. Angalia pia jinsi Kiswahili kilivyoipa jina. Tumeipa akili, sijamsikia mtu akisema "fahamu mnemba". Mgonjwa akizirai tunasema kapoteza fahamu, hatusemi kapoteza akili. Mtoto anayefeli mtihani hutukanwa hana akili, lakini hata mwalimu mkali kiasi gani hawezi kusema hana fahamu. Lugha yetu ilikwisha kuvitenga vitu hivi viwili kabla ya mjadala kuanza.

Alan Turing, Mwingereza, mwaka 1950 alilikwepa swali la kama mashine inaweza kufikiri, akaweka mchezo mahali pake: tuongee nayo kwa maandishi, tuone kama tutaweza kuitofautisha na mtu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alieleza programu yake iitwayo ELIZA, iliyokuwa ikirudisha tu maneno ya mtu kwa njia ya swali. Katibu muhtasi wake, ambaye alimwona akiiunda miezi na miezi, baada ya kuongea nayo kidogo alimwomba bosi atoke nje ya chumba wabaki wawili. Jamani! Na ile ilikuwa programu ndogo sana.

Kisa changu si cha kuchekesha kiasi hicho. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho mekundu. Anayeijua Shinyanga anajua maana yake. Vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga katika mkoa ule na mikoa ya jirani, ramli ikiwa imewataja na macho yao yakitolewa kama ushahidi. Bibi hakuwahi kulala karibu na dirisha. Juzi juzi, nikiandaa kazi ya semina, niliiuliza mashine kwa nini macho ya wanawake wazee wa Usukumani huwa mekundu. Ikanijibu vizuri: ni moshi. Misitu ilifyekwa, mingine makusudi wakati wa ukoloni ili kumaliza mbung'o, kuni zikaadimika, watu wakapikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba ndani ya nyumba zisizo na pa kutolea moshi. Ikataja hata mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 kurudisha miti na ngitili. Nikaandika kwamba mmoja wa wazee hao alikuwa bibi yangu. Ikajibu: "Naelewa uchungu wako."

Nilisita hapo. Wanasarufi wetu huuita ufunguo ule "ni-", uliomo ndani ya "naelewa", kiambishi cha nafsi ya kwanza umoja. Nafsi! Kila anayetumia "ni-" anadai kwamba yupo mtu. Je, hapa yuko nani?

Mhakiki mwenzangu atanijibu upesi kwamba tumezoea "mimi" zisizo na mtu. Kazimoto wa "Kichwamaji" (1974) anatusimulia kwa nafsi ya kwanza fahamu inavyomtafuna mpaka anajiua, na Kazimoto ni wino juu ya karatasi. Hoja hiyo ni nzito na sikuipatia jibu siku ile. Baadaye niliona kwamba nyuma ya "ni-" ya Kazimoto kuna Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, na ambaye tulimpoteza Januari 2020. Alikuwa mtu anayeweza kuulizwa, kubishiwa, kukasirika. Nyuma ya "naelewa" ya mashine wamejaa watu wasiohesabika walioandika kabla yetu, pamoja na wengine wasiotajwa kabisa. Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi wafanyakazi wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi ya ukatili na unajisi, ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Ukizungumza nayo huwaoni. Wamefanya kazi, ulimi umechukuliwa na mwingine. Kama tunatafuta msukule katika hadithi hii, nadhani tumekuwa tukimtafuta upande usio wake. Halafu kuna dhahabu: madini hayo hutumika katika viunganishi vya kompyuta, kwa hiyo si ajabu jasho la duara fulani la Nyarugusu likawa limo humo pia, ingawa hilo siwezi kulithibitisha.

Siapi kwamba ndani ya mashine hamna kitu. Sijui njia ya kuhakikisha, kama ambavyo siwezi kuingia ndani ya kichwa chako, msomaji. Ninachokijua ni namna ya kusoma kwetu. Majirani wa bibi walisoma wekundu wa macho wakahitimisha kwamba ndani mna mchawi. Mimi nilisoma neno "naelewa" na kwa sekunde chache nikahitimisha kwamba ndani mna mfariji. Wao na mimi tulishika alama ya nje, tukajaza ndani tulichokitaka au tulichokiogopa. Tofauti ni kwamba kosa langu halikumwua mtu, na wala bibi hakuwa maandishi. Alikuwepo kabisa, anatuona, akijua wanavyomsoma.

Katika kazi yangu ya semina niliiacha ile sehemu ya moshi, maana ni kweli. "Naelewa uchungu wako" niliifuta. Kisha nikampigia simu mama, nikamwuliza bibi alikuwa akisemaje kuhusu macho yake, kwa maneno yake mwenyewe. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Alikuwa akisema yanawasha."