Nyasi ni za mwenye shamba

Kama umewahi kuwapeleka watoto katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi siku ya Jumapili, yamkini uliwaona pundamilia wakila nyasi huku majumba marefu ya jiji yakichomoza nyuma yao. Huenda ulidhani kwamba wanyama hao hutunzwa na serikali, katika ardhi ya serikali, na habari ikaishia hapo. La hasha!

Mbuga hiyo iliyoanzishwa mwaka wa 1946 ina ukubwa wa kilomita mraba 117 tu. Upande wa kusini, penye mto Mbagathi, umeachwa bila ua kwa miaka mingi, na mvua inyeshapo wanyama huvuka kuelekea nyanda za Kitengela. Huko ni mashamba ya watu wenye hatimiliki. Kisheria, mnyama wa porini ni wa taifa zima, lakini nyasi anazokula ni za mwenye shamba. Nyumbu wakizaa huwaambukiza ng'ombe homa inayoua. Simba naye huwafuata nyumbu, na akiwakosa, zizi la mbuzi haliko mbali.

Mwaka wa 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba hao dola 4 za Marekani, karibu shilingi 300 wakati huo, kwa kila ekari kwa mwaka. Masharti yalikuwa mepesi kuyasoma: usiweke ua, usiwadhuru wanyama, usiuze ardhi. Malipo yalitolewa kwa awamu tatu, shule zinapofunguliwa, na wazazi wengi wakalipia karo. Tatizo ni kwamba fedha zilitoka kwa wafadhili, na mfadhili huchoka. Dalali wa ploti hachoki. Pitia leo barabara ya Namanga ujionee mawe ya mipaka, seng'enge na nyumba za ghorofa.

Mnamo Juni 2012 wakazi wa Kitengela waliwaua simba 6 kwa mikuki baada ya mifugo yao kuliwa. Sisi wa mjini tuliwalaani sana. Sikumbuki wengi wetu wakiuliza mbuzi wale walikuwa karo ya nani.

Wenzetu kwingineko walilitatuaje jambo hili? Nchini Costa Rica, sheria ya mwaka wa 1996 iliamua kwamba mwenye shamba anayeacha msitu wake usimame alipwe, na sehemu kubwa ya fedha hizo itoke katika ushuru wa mafuta ya gari. Yaani dereva akijaza tangi, anamlipa mkulima wa milimani. Leo misitu imefunika zaidi ya nusu ya nchi hiyo. Marekani nako, mwenye shamba anaweza kutia sahihi mkataba wa kutojenga juu ya ardhi yake milele, naye akapunguziwa kodi. Shamba hubaki lake, huweza kuliuza au kuwarithisha wanawe, ila yeyote atakayelipata atafungwa na mkataba huo.

Hapa kwetu, kando ya Maasai Mara, familia zimeunganisha mashamba yao na kuyakodisha kwa wenye kambi za watalii. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 ilizitambua hifadhi za namna hiyo. Ni mpango mzuri, ila mwaka wa 2020 Korona ilipofunga viwanja vya ndege, watalii walitoweka na kodi hizo zikawa mashakani. Binafsi naona ushuru wa mafuta una mguu imara zaidi kuliko mtalii, ingawa najua wenye matatu hawatanipigia makofi.

Kitengela zingali familia ambazo hazijaweka ua. Ukienda mbugani tena, fika pale kusini utazame ng'ambo ya mto. Ukiona uwanda usio na waya, basi yupo mzee huko ambaye dalali amembishia hodi mara kadhaa, naye bado hajakubali kuuza.