Ukienda kliniki ya sukari, nenda na anayepika

Mtu wa Lipingo akipimwa na kuambiwa ana kisukari, mara nyingi hurudi nyumbani na pakiti ya vidonge na agizo moja: punguza wanga. Vidonge havimsumbui. Agizo ndilo linalomshinda, maana mwambao huu wa Ziwa Nyasa unaishi kwa ugali wa muhogo, na pengine anayeusonga si yeye. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kliniki asiende peke yake.

Wala hayuko peke yake katika ugonjwa wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, yaani karibu mtu 1 katika kila 11. Chama cha Kisukari Tanzania kipo tangu 1985, na kazi yake kubwa ni elimu kwa wagonjwa na watumishi wa afya. Kwa mkazi wa Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, mlango wa kwanza ni zahanati. Kesi ikizidi uwezo wake, kuna Hospitali ya Mtakatifu Anna iliyoko Liuli, ile ya Litembo kule milimani, au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Songea. Asiye na nauli anaweza kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, akauliza.

Akifika kliniki, aulize nini? Kwanza, kipimo chake kilisoma ngapi, na kilichukuliwa kabla ya kula au baada. Kabla ya kula, kuanzia milimoli 7 kwa lita ndicho kiwango cha kuitwa kisukari. Pili, lengo lake ni ngapi, na arudi lini kupima. Tatu, dawa anywe kabla ya chakula au baada, na afanye nini siku akisahau.

La chakula aliulize anayepika, kwa sababu jibu lake liko jikoni. Muhogo haujapigwa marufuku. Kinachobadilika ni kipimo. Nusu ya sahani iwe mboga: kisamvu, mchicha, majani ya maboga. Robo iwe usipa au maharage yanayoshuka kutoka milima ya Umatengo. Ugali ubaki robo iliyosalia, na chai inywewe bila sukari. Chungu kinabaki kimoja. Chakula hicho kinawafaa wote, hata watoto.

Je, mgonjwa akiwa ndiye mama mpishi? Basi aende na mumewe au mwanawe, yule anayeshika fedha ya mboga na nauli ya kliniki. Bila hivyo ataonekana anawabania watu chakula.

Huyo msindikizaji ana jambo jingine la kujifunza: sukari kushuka. Wanaochoma insulini na wanaotumia baadhi ya vidonge wanaweza kutetemeka, kutoka jasho jembamba, hata kuanza kuongea ovyo. Jirani atadhani amelewa au amepandwa na mashetani. Akiwa bado anameza, apewe vijiko 3 vya chai vya sukari ndani ya maji, asubiriwe dakika 15, kisha ale. Akizimia, asinyweshwe kitu; apelekwe hospitali haraka.

Miguu nayo ikaguliwe kila jioni, hasa ya mvuvi anayeshinda pekupeku kwenye mchanga na mawe. Kisukari kinaweza kuua hisia za miguu hadi mtu achomwe na mwiba asijue, na si rahisi mtu kuziona vizuri nyayo zake mwenyewe. Mwingine lazima aziangalie.

Atakuja pia mtu na chupa ya mizizi, aseme inamaliza sukari kabisa. Hapo mgonjwa aliyekwenda kliniki peke yake hubishana na ukoo mzima. Aliyekwenda na mwenzake ana shahidi aliyemsikia nesi akisema dawa haziachwi kwa sababu tu mtu anajisikia nafuu.