Ajali Moja, Milango Minne ya Fidia

Gari likianguka kwenye kona za barabara ya Mwandiga–Manyovu mkoani Kigoma, swali la kwanza linaloulizwa Kalinzi ni nani kamgonga nani. La pili ni mwenye gari katoa nini. Kwa mwanasheria lipo swali linalotangulia yote mawili: huyu majeruhi alikuwamo kwenye gari lile kama nani? Jibu lake ndilo linaloamua atadai kwa nani, na mara nyingi ndilo linaloamua kama atalipwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Fuso limepakia ndizi na maharage Kalinzi alfajiri, linateremka kwenda Mwandiga. Mbele wamekaa dereva, utingo na mwalimu aliyepewa lifti ya bure. Juu ya mzigo amepanda mama mfanyabiashara, kalipa nauli mkononi kwa dereva. Breki zinakataa, Fuso linamkumba kijana wa bodaboda kisha linapinduka. Wameumia watu watano, kwa chanzo kilekile, lakini kisheria hawasimami mahali pamoja.

Kijana wa bodaboda ndiye mwenye njia iliyonyooka kuliko wenzake. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza chombo cha moto kuingia barabarani bila bima inayomlinda mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Mtu wa tatu ni huyu hasa, aliyekuwa anapita zake. Kampuni ya bima haiwezi kumwambia kwamba breki zilikuwa mbovu au gari lilizidisha uzito. Hayo itagombana na mteja wake baadaye. Majeruhi alipwe kwanza. Na kama kijana naye alikuwa na kosa, tuseme alikatiza barabara bila kuangalia, mahakama hupima sehemu yake na kupunguza fidia kwa kiasi hicho. Haifuti dai lote, kama wenye magari wanavyopenda kuwatisha watu.

Mama aliyeko juu ya mzigo ana kazi ngumu zaidi. Sheria inalazimisha bima ya mtu wa tatu imhusu abiria pale gari linapobeba watu kwa malipo. Yeye alilipa. Lakini Fuso limekatiwa bima ya mizigo, nauli iliishia mfukoni mwa dereva, tiketi hakuna. Kampuni itabisha, na mwenye gari atasema hakumruhusu dereva kupakia watu. Ushahidi wa mama ni wale waliomwona akilipa, na kama alilipa kwa simu, ule ujumbe wa muamala. Shida hiyohiyo inawapata wanaopanda yale magari madogo ya watu binafsi yanayobeba abiria kinyemela bila leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini: bima imekatwa kwa matumizi binafsi, kazi inayofanyika ni ya biashara. Kwa hiyo kabla ya kupanda, andika namba ya gari. Ukiwa na simu yenye intaneti, mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, unakuonyesha kwa namba hiyo kama gari lina bima hai na ni ya kampuni gani. 

Mwalimu wa lifti ndiye anayeshangaza watu wengi. Abiria asiyelipa katika gari lisilobeba watu kwa malipo hayumo katika kundi ambalo sheria inamlazimisha mwenye gari kulikatia bima. Haki ya kudai anayo, kwa sababu uzembe ni uzembe hata kama ulipanda bure, ila huenda akaelekea moja kwa moja kwenye mali ya dereva na ya mwenye gari. Awashitaki wote wawili. Mwajiri hubeba makosa ya mwajiriwa wake aliyoyafanya akiwa kazini, na kwa kawaida mwenye gari ndiye mwenye kitu cha kulipa.

Wanabaki dereva na utingo, watu ambao vijiji vyetu huwasahau kwa sababu macho yote yanawatazama kama wakosaji. Bima ndogo haiwahusu. Sheria imewatoa wafanyakazi wa mwenye gari katika kinga hiyo ya lazima. Mlango wao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Uzuri wa mfuko huu ni kwamba kwa kawaida hauulizi nani alizembea: ukiumia ukiwa kazini, unalipa matibabu, na ukipata ulemavu au ukifariki kuna mafao yako au ya wategemezi wako. Michango ni ya mwajiri peke yake, mshahara wa mfanyakazi haukatwi. Dai lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Ugumu unakuja kwa deiwaka, yaani kibarua wa siku, na kwa dereva anayepeleka hesabu jioni bila mkataba, maana tajiri atakana kuwa alimwajiri. Nawashauri madereva wa Kigoma wadai mkataba wa maandishi hata wa ukurasa mmoja, na wautunze nyumbani, si kwenye dashibodi ya gari litakaloungua.

Ukishajua mlango wako, kinachokufungulia ni karatasi, na nyingi hupatikana katika siku za mwanzo. Mahututi akimbizwe hospitali kwanza. Ndugu ndiye afuate fomu ya PF3 polisi. Ombeni pia ramani ya eneo la ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari. Risiti zote ziwekwe, za dawa, za Hospitali ya Maweni, za nauli ya kwenda Hospitali ya Bugando kama kuna rufaa. Mahakama zetu hazina huruma hapa: gharama halisi sharti itajwe kwa kiasi chake na ithibitishwe, la sivyo inakatwa. Maumivu na ulemavu hakimu huyakadiria mwenyewe, lakini naye huanzia kwenye ripoti ya daktari.

Kesi ya trafiki msiiachie polisi na dereva peke yao. Faini anayotozwa dereva inakwenda serikalini. Lakini hukumu ile ikishakuwa ya mwisho, kifungu kimoja cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya kuwa uthibitisho kamili wa hatia yake, na katika kesi ya madai hutaanza upya kuthibitisha kosa hilo. Kifungu hichohicho kinakata kuwili: akiachiwa huru kwa kuwa mashahidi hawakufika, hukumu hiyo nayo inaweza kutumika kumkinga. Nimeona familia zikikacha kesi ya trafiki kwa kuona haiwahusu, kisha zikalia kwenye kesi ya madai.

Sasa niseme juu ya bahasha. Mwenye gari anakuja nyumbani na wazee, analeta pesa ya dawa, au sanda na mchele wa msibani. Ni ubinadamu, pokeeni. Msisaini karatasi inayosema madai yamekwisha kabla daktari hajasema mguu utapona au la. Na kampuni ya bima ikileta hati ya malipo, isomwe na mtu anayeielewa, maana sahihi ile huwa ndiyo ya mwisho. Nyaraka zikikamilika kampuni inatakiwa ilipe ndani ya siku 45. Ikizungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na TIRA yenyewe inapokea malalamiko.

Mahakama ya Mwanzo haisikilizi madai ya uzembe wa namna hii. Kesi hufunguliwa Mahakama ya Wilaya, na ikiwa kubwa, juu zaidi. Huwezi kuishitaki bima peke yake: unapata hukumu dhidi ya dereva na mwenye gari, ndipo bima inabanwa ilipe, mradi ilipewa taarifa ya kesi mapema. Fidia ya aliyefariki hudaiwa kwa ajili ya mume, mke, watoto au wazazi wake, na hapo Mahakama ya Mwanzo ina kazi yake, kumteua msimamizi wa mirathi. Kama lililowagonga ni gari la Burundi lililovukia Manyovu, uliza Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya mtu wa tatu inayovuka mipaka. Tanzania na Burundi zote zimo katika mpango huo.

Gari likikimbia lisijulikane, hapo sheria yetu imelala. Rwanda wana mfuko maalumu wa dhamana unaowafidia waliogongwa na magari yasiyojulikana au yasiyo na bima. Afrika Kusini hukata tozo kwenye mafuta kwa kazi kama hiyo. Wabunge wa Kigoma, ambao barabara zao zimeunganishwa na nchi jirani, walipaswa kuwa wa kwanza kulidai hili bungeni.

Muda wa kufungua kesi ya uzembe ni miaka mitatu. Kama mwaka wa pili unaisha na bado mnasubiri ahadi ya mwenye gari, mtafuteni msaidizi wa kisheria wa wilaya mwezi huu huu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hawa, na asiye na uwezo husaidiwa bure.